Haina Mwenyewe

Zamani mtu akitaka kwenda baharini alifuata pua yake tu, na siku hizi hata harufu ya bahari inakaguliwa getini kabla ya kuruhusiwa kutoka.

Fundi wa kamba waliyemwita Kitanzi aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika hiyo zamani, na ilipokwisha hakuna aliyempa taarifa. Jina alilipata kwa sababu fundo lake halikufunguka. Ng'ombe aliyefungwa kwa kamba ya Kitanzi alikwenda machinjioni nayo, maana kuifungua ilikuwa taabu kuliko kuikata. Hakuwa mtu mpole, na hakuna haja ya kumpaka mafuta leo. Alikuwa mfupi, kifua kama pipa, viganja vigumu kama kwato, na kwenye ugomvi ngumi yake ilifika kwanza, maneno yakaja baadaye yakihema. Aliwahi kumkalisha mchuuzi wa samaki ndani ya tenga lake mwenyewe, juu ya samaki, kwa kosa la kuiita kamba yake uzi. Mtaani walijua: Kitanzi akikunja uso, vuka upande wa pili.

Kazi yake ilianzia puani. Makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, huzikwa kwenye matope ya ufukweni, pale maji yanapofika na kuondoka, yakagandamizwa kwa mawe na kuachwa yaoze nusu mwaka. Yakifukuliwa hunuka kama mayai viza, na mgeni asiyezoea hushika tumbo. Kisha huwekwa juu ya gogo na kupigwa rungu, yakapigwa na kupigwa, mpaka uozo utoke na nyuzi zibaki. Kupiga ilikuwa kazi ya wanawake, na katika wanawake wa pwani ile hakuna aliyemfikia mke wa Kitanzi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Akipiga, watu wa nyumba ya nne walimtambua kwa mlio. Nyuzi zikikauka, Kitanzi alizisokotea uani, akienda kinyumenyume kutoka mlango wa jiko hadi ukuta wa choo, kamba ikirefuka mbele yake kama kitu kinachomtoka tumboni.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na mtoto mmoja asiyekuwa wao. Mama yake Kitanzi alikufa akaacha kichanga, na mke wa Kitanzi, akiwa bibi harusi ambaye hata masanduku yake hajayafungua, alikabidhiwa huyo shemeji pamoja na sufuria. Alimbeba mgongoni huku akipiga makumbi. Mtoto alizoea kulala kwa kishindo cha rungu. Kishindo kikinyamaza, yeye ndiyo analia. Alipoanza kusema alimwita "Mama Shemeji", watu wakacheka mpaka wakachoka, na jina likabaki. Wao wawili hawakupata mtoto mwingine. Kitanzi naye alimlea mdogo wake kwa njia aliyoijua, yaani kwa ncha ya kamba iliyolowa. Alimpenda na alimpiga, na hakuona kwamba hivyo ni vitu viwili.

Kijana akarefuka, akaenda kuomba uaskari, akarudishwa kabla nywele alizonyolewa huko hazijaota. Walisema nyayo zake ni bapa. Lakini mwendo wa gwaride alikuwa ameshaujua, basi akawa anaingia hata chooni kwa mguu sawa, na mtaa ukampa cheo ambacho jeshi lilimnyima. Wakamwita Sajini.

Pwani ile, kutoka kwenye mikoko hadi kwenye majabali, haikuwa na mwenyewe. Neno hili lazima lielezwe, maana limevunja watu mifupa. Mtaani kwao, kitu kisicho na mwenyewe ndicho kilicholindwa kuliko vyote. Kisima hakina mwenyewe: chota, funika, nenda zako. Benchi la nje kwa fundi cherehani halina mwenyewe: kaa utakavyo, ila ukilihamishia kwako utapigwa na mtaa mzima, na mkeo atasaidia. Mashimo ya makumbi yalikuwa na wenyewe, kila shimo na mawe yake, na hakuna aliyewahi kufukua la mwenzake hata mwaka wa njaa. Lakini matope, mchanga, mikoko na njia ya kufikia huko havikuwa na mwenyewe, na maana yake ilikuwa moja tu: asitokee mtu akasema ni vyangu. Ilikuwa sheria nzima ndani ya maneno mawili. Hakuna aliyehangaika kuiandika, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba atazaliwa mtu asiyeielewa.

Mtu huyo alizaliwa, akasomeshwa, akapewa gari.

Walimwita Bwana Ramani kwa sababu ya makaratasi aliyokuwa akitembea nayo kwapani, yamekunjwa kama mkeka. Alitoka ofisi ya mipango ya ardhi. Aliitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu.

"Ndugu zangu," alisema Bwana Ramani, "mimi sikuja kusema, nimekuja kusikiliza. Hapa kwenye ramani pwani yenu ni eneo la wazi. Sasa yapo maombi kwamba matumizi yabadilishwe, liwe eneo la makazi binafsi. Nyumba nzuri, bustani, taa. Lakini hatuwezi kufanya lolote bila kuwauliza wananchi. Niambieni: pwani hii ni ya nani?"

"Ya kaa!" alijibu fundi cherehani kutoka nyuma, na darasa likavunjika mbavu. Huyu alikuwa mtu mwembamba wa maneno mengi, asiyeweza kuona kimya bila kukitoboa. "Au muulize Kitanzi, yeye ndiye anayelala na matope. Mkewe anaona wivu!"

Kitanzi akasimama. Dawati nalo likasimama, maana lilikuwa limemnasa mapajani, na ikabidi wawili walishike ndipo achomoke. Hakucheka. Alijua ameulizwa swali kubwa, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwuliza swali.

"Haina mwenyewe," alisema.

"Samahani mzee, rudia, wa nyuma wasikie."

"Nasema haina mwenyewe!" Kitanzi alijaza kifua. "Haikuwahi kuwa na mwenyewe, wala haitakuwa na mwenyewe, mpaka dunia ikunjwe!"

Watu walipiga makofi. Mkewe alipiga vigelegele. Bwana Ramani naye alipiga makofi, tena ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.

"Mzee," alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili, "umeturahisishia kazi sana."

Jioni ile Kitanzi alirudi nyumbani kifua mbele, akala akashiba, wala hakumkaripia mtu.

Msimu haujageuka, matingatinga yakaja. Mikoko ilikatwa kwa misumeno ya injini, ikaanguka na ndege ndani, na maji yakawa mekundu kwa maganda yake kana kwamba kitu chenye damu kimechinjwa. Wapimaji walipiga vigingi mchana. Wanaume wa mtaa walivig'oa jioni na kuvichemshia chai. Wapimaji wakarudi na walinzi. Siku hiyo jiwe lilivunja taya la mmoja, rungu likapasua kichwa cha mwingine, na mvuvi mmoja wa ngalawa alitembezwa mtaani kwa mateke mpaka akasahau alikuwa anakwenda wapi. Ndipo wazee wakasema twende ofisini, tukaseme kwa adabu.

Ofisini kulikuwa na feni iliyozunguka bila kuleta upepo, na karani kijana aliyewasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni baya kuliko kufukuzwa.

"Wazee wangu," alisema, "mimi sielewi malalamiko yenu. Si ninyi mlioulizwa? Mzee wenu si alisimama mbele ya mkutano akasema ardhi haina mwenyewe? Ardhi isiyo na mwenyewe hugawiwa anayeiomba. Wameomba, wamepewa."

Kitanzi alihisi masikio yanawaka. "Nilisema haina mwenyewe!"

"Ndiyo mzee. Ndivyo ulivyosema."

"Wewe mtoto, husikii? Nilisema HAINA MWENYEWE!"

"Mzee," karani alisema kwa upole wa kweli, "mbona tunakubaliana?"

Kitanzi aliinua kiti kilichokuwa karibu akakirusha. Kilimkosa karani kikavunja kioo cha dirisha. Walinzi wawili walimburuta ngazini miguu ikitangulia, kichwa kikihesabu kila kidato, wakamtupa nje kwenye changarawe. Wazee wenzake walimpita. Wengine walimwinamia kumsaidia, na wengine walimtazama tu, na katika macho ya hao waliotazama aliona jambo lililomwuma kuliko ngazi. Walikuwa wanafikiri kwamba ni yeye.

Toka siku hiyo hakuitwa Kitanzi tena. Watoto walianza, wakijificha nyuma ya kuta: "Haina Mwenyeweee!" Kisha wakubwa, chini chini. Uzio wa mabati ulipopanda, mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mtu, ukikata njia zote za kwenda majini, kila aliyegonga uso kwenye bati aligeuka akalitaja jina hilo. Asubuhi moja fundi cherehani, mguu ukikanyaga mashine yake barazani, alimwona anapita akashindwa kujizuia.

"Mzee Haina Mwenyewe, shikamoo! Hebu nisaidie, hili shati la mteja limekaa wiki. Lina mwenyewe hili, au nivae?"

Kitanzi aligeuka akapanda barazani. Alikwenda taratibu, akamshika kisogo, akampigiza uso juu ya chuma cha mashine, mara moja, kisha tena, huku mguu wa fundi ukiendelea kukanyaga kwa mazoea na sindano ikishona hewa. Meno ya mbele yalidondokea kwenye shati la mteja. Watu wanne ndio walioweza kumwondoa.

"Sema tena!" alikuwa anapiga kelele. "Liseme tena hilo neno!"

"Siwezi," alijibu fundi, damu ikimtiririka kidevuni. "Umening'oa herufi."

Hata aliyepigwa alicheka. Kitanzi peke yake hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa uani, hana cha kusokota. Nyuzi zilikuwa zimekwisha. Makumbi yote ya nusu mwaka, ya kwake na ya wenzake, yalikuwa upande wa pili wa bati, chini ya mawe, na siku zake zilikuwa zinatimia. Yakipitiliza wakati wake kwenye matope huwa ujiujiuji, huwezi kupata hata uzi wa kufungia mdomo wa gunia. Yakipotea hayo hakuna kamba, na bila kamba nyumba ile haikuwa na kitu kingine inachokijua.

Hapo ndipo Sajini alipoingia uani amevaa viatu vya ngozi, suruali ya buluu na filimbi shingoni.

Mke wa Kitanzi alimtazama toka chini mpaka juu. "Umependeza," alisema. "Nani kafa?"

"Nimepata kazi, Mama Shemeji. Mimi ndiye mkuu wa walinzi."

"Walinzi wa wapi?" Kitanzi aliuliza, ingawa alijua.

"Kaka, nisikilize kabla hujakasirika."

"Nilishakasirika kabla hujazaliwa. Walinzi wa wapi?"

"Nisipoikubali mimi, wangeleta watu wa mbali wasiojua uso wa mtu. Mimi nitaangalia pembeni. Kule upande wa majabali pana kigeti kidogo cha mafundi. Maji yakikupwa sana, yale ya mwezi mpevu, mje asubuhi. Nitawafungulia, mtafukua mashimo yenu yote, mtatoka. Bosi hawezi kujua. Anafika mchana."

Mkewe aliacha alichokuwa anafanya. "Umesikia, mume wangu? Makumbi yatatoka."

"Nimesikia," alisema Kitanzi. "Nimesikia kwamba nitakwenda kubisha hodi baharini. Nitasimama kwenye kigeti nimwambie huyu, niliyemfuta kamasi, naomba kupita."

"Nani alimfuta kamasi?" mkewe alidakia. "Wewe? Siku gani?"

"Kaka, ni mlango tu."

"Na mtaa mzima utajua kwamba nimekiri. Kwamba kweli niliwapa, sasa naomba makombo." Alisimama, akachukua ncha ya kamba msumarini kama zamani. Sajini alikuwa amemzidi kimo kwa kichwa na mabega, lakini alipoiona ile kamba alirudi nyuma mwenyewe. Pigo la kwanza lilimkata shavuni. La pili lilikata uzi wa filimbi. Hakuinua mkono. Alitoka kinyumenyume kwa mguu sawa, na kutoka barabarani akasema, "Kigeti kitakuwa wazi, Mama Shemeji."

Usiku huo walilala wamepeana migongo. Mke alijua ana siku chache. Mume naye alijua. Maji yanayokupwa mpaka kwenye mashimo hayaji kila wiki, na kila mmoja, kwa siri ya mwenzake, aliichagua asubuhi ileile.

Kitanzi alikusanya kila kamba iliyobaki mtaani. Za visima, za mbuzi, za kuanikia nguo, hata ile ya bembea ya watoto. Alizisokota pamoja ikawa moja, nene kama mkono wa mtu mzima. Asubuhi wanaume waliifuata mpaka kwenye uzio. Alitia vitanzi kwenye nguzo mojamoja, akakaza, akarudi nyuma, na watu kama arobaini wakaishika, miongoni mwao fundi cherehani mwenye mapengo, maana hasira yake kwa bati ilikuwa kubwa kuliko hasira yake kwa Kitanzi.

"Vuta!"

Walivuta. Nguzo zililia, zege likapasuka chini, na uzio ukaja wote kwa pamoja, mabati yakipaa na kupiga kelele kama radi. Bati moja lilimkata mtu paja mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Wengine walimruka wakaingia. Walinzi walitoka mbio kibandani na marungu na mbwa, na pale kwenye mchanga hapakuwa tena na neno la mtu, ni vishindo tu. Mlinzi mmoja alizamishwa uso kwenye dimbwi, akatolewa, akazamishwa tena. Mbwa alipigwa jembe. Kijana wa muuza mkaa alikuwa anatambaa akitafuta jicho lake, hajui kwamba analo bado, ni damu tu iliyomfunika.

Kitanzi alipita katikati ya yote hayo akiwa na rungu la kupigia makumbi mkononi. Alitaka kufika kwenye shimo lake. Alipofika aliona limeshafukuliwa.

Mkewe alikuwamo ndani mpaka magotini, na wanawake wengine wawili. Makapu yalikuwa yamejaa, meusi, yananuka vizuri. Makumbi yalikuwa yameiva sawasawa. Na kando yake, viatu amevua, suruali amekunja, matope mpaka kwenye viwiko, mkuu wa walinzi alikuwa anaondoa mawe.

Wote watatu walitazamana.

"Ulipitia wapi?" Kitanzi alimwuliza mkewe.

"Tumeyapata, bwana wee!" alisema mkewe. "Yote! Hata moja halijaharibika! Shika kapu hilo tutoke kabla hawajatuona!"

"Nimekuuliza umepitia wapi."

"Kaka, si wakati huo." Sajini alipanda kutoka shimoni, akamwendea mikono wazi, miguu yake bapa ikipiga matope. Nyuma yao walinzi walikuwa wanakusanyika. Aliinua kapu zito kuliko yote akamwekea kaka yake miguuni. Alitabasamu, kovu la kamba bado bichi shavuni. "Chukua, kaka. Chukua uende. Si ulisema mwenyewe? Pwani haina mwenyewe."

Wale wanawake wawili waliapa baadaye, na hakuna sababu ya kutowaamini, kwamba alilisema neno kama lilivyosemwa zamani. Alilisema kama anayesema chota, funika, nenda zako. Huenda alikuwa mtu wa mwisho pwani ile kulisema hivyo. Lakini Kitanzi alikuwa amelisikia kutoka nyuma ya kuta kwa muda mrefu mno, na masikio yake hayakuwa tena na nafasi ya maana nyingine.

Rungu lilimpata Sajini juu ya jicho. Lilitoa mlio uleule wa kumbi lililoiva. Alipiga magoti polepole, akionekana kushangaa, na Kitanzi akainua tena, na safari hii mkewe alikuwa ameshafika katikati, mkono wake wa kulia umetangulia juu. Pigo lilitua hapo. Mfupa ulivunjika mahali pawili na mkono ukaning'inia kama nguo.

"Alikuwa anakupa!" alipiga ukelele. "Alikuwa anakupa, wewe mtu! Alikuwa anakupa!"

Kitanzi alisimama na rungu lake. Alitazama kapu, akamtazama yule chini, akaanza kuelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesoma bango kwa kukokoteza herufi. Mkewe aliacha kupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama chumvi imetosha:

"Umemaliza?"

Walinzi walimwangukia kwa nyuma. Hakujitetea, na waliompiga walisema baadaye kwamba haikuwa na raha yoyote.

Makumbi yalimwagwa palepale, yakakanyagwa. Uzio ulirudishwa wiki ileile, safari hii wa matofali. Gerezani Kitanzi alipangiwa karakana ya mikeka, akakataa kushika uzi wowote, akapelekwa kuponda mawe, kazi aliyoifanya bila kusema mpaka kifungo kikaisha. Alipotoka alikuwa mzee. Alikuta nyumba zenye vioo vikubwa vinavyotazama maji, na barabara laini inayoishia kwenye geti, na mlinzi wa kigeni aliyemwuliza unakwenda kwa nani. Hilo ndilo swali la siku hizi. Huulizwi unakwenda wapi, unaulizwa kwa nani, na mtu anayekwenda baharini tu hana la kujibu. Nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa imekwisha kuuzwa na kubomolewa. Fundi cherehani bado alikuwapo, barazani kwa mtu mwingine.

"Wako wapi?" Kitanzi alimwuliza.

"Walihama," alisema fundi kupitia mapengo yake. "Sajini haoni upande mmoja, na mama mkono haukunyooka. Waliondoka pamoja. Nilishonewa kiapo nisiseme walikoelekea, mzee, na wewe unajua mimi siwezi kunyamaza. Basi ujue ni kiapo cha namna gani."

Kitanzi hakumgusa. Alikaa kwenye benchi kidogo, akaondoka. Aliwatafuta kwa miaka aliyobakiza, mji kwa mji, akiulizia kwenye zahanati na masoko, na hakuwapata.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa siku ileile ya kuangushwa uzio, akiwa nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi, damu yake mwenyewe imemziba pua. Gari lilisimama kupisha mkokoteni. Wanaume wawili walikuwa wanausukuma kwenda zahanati. Sajini alikuwa amelazwa chali, miguu mitupu imetokeza nje, na mke wa Kitanzi alikuwa ameketi ubavuni mwake, mkono uliovunjika umefungwa kifuani kwa kipande cha gunia. Alikuwa anawakaripia wasukumaji wapite polepole kwenye mashimo. Kitanzi alimwita. Alimwita tena, kwa jina lake la ndani ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Gari lilikuwa karibu kiasi cha kusikia magurudumu ya mkokoteni yakilia, kwa hiyo mkewe alimsikia. Hakugeuka. Aliuinua mkono mzima, akamkinga yule mgonjwa jua lisimpige usoni, na mkokoteni ukakata kona.